Mama Bahasha na Sinia ya Chai

Miaka thelathini na miwili, na likizo nyingi alizokataa kwenda. Huo ndio utumishi wa fundi mkuu wa kitengo chetu cha kuchunguza mambo yasiyoelezeka, anayestaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Jina lake liko mlangoni, lakini sisi tunamwita Mama Bahasha, kwa kuwa hakuna picha wala jibu lililopita mikononi mwake bila kufungwa kwenye bahasha kwa gundi na kutiwa sahihi mara mbili.

Alianza kama mpiga chapa. Baada ya miaka minne akawa anatumwa kwenye nyumba ambazo wenyewe wamezikimbia. Familia moja ilihamia kwa jirani mwezi mzima kwa sababu dari iligongagonga kila saa nane mchana. Mama Bahasha alikwenda na kipimajoto na kiti cha kukunja. Siku ya tatu akawaonyesha jinsi bati linavyotanuka kwa jua na kuvuta misumari. Hakuwacheka. Alisema hata yeye siku ya kwanza nywele zilimsimama.

Lakini kazi iliyompa heshima ni ile ya vyumba viwili, na hapo sina budi kujitaja, maana mimi ndiye mhudumu wa chai. Chumba cha kwanza mtu anatazama picha moja kati ya nne. Chumba cha pili, mlango umefungwa, mama mmoja fundi cherehani anabahatisha ni picha gani. Kwa bahati tu angepata kama kumi katika kila majaribio arobaini. Yeye alipata ishirini na tatu! Kitengo kilikuwa karibu kufungwa. Ghafla wageni wakubwa wakaomba kuja kuona. Tulipongezana kama watu waliopata mtoto.

Kisha nikaenda kumuuguza mama yangu wiki nzima, na fundi cherehani akarudi kwenye kumi. Wote walisema amechoka. Mama Bahasha peke yake ndiye aliyefungua daftari la mahudhurio. Niliporudi, akaketi chumba cha pili kungojea chai kama wengine. Nilipoingia tu na sinia akaniuliza, "Mdogo wangu, picha ya sasa hivi ni taa, sivyo?"

Ilikuwa taa kweli. Kumbe nikitoka chumba cha kwanza huwa navumisha puani wimbo wa kanisani unaofanana na picha niliyoiona mezani: ikiwa taa, wimbo wa nuru; ikiwa mashua, wimbo wa dhoruba. Wallahi sikujua. Fundi cherehani naye hakujua kwamba anasikia.

Mkuu wa kitengo alimwomba Mama Bahasha anyamaze mpaka wageni waondoke. Akamjibu, "Bosi, tunatafuta ukweli au tunatafuta wageni?" Mimi nilikwisha kukunja aproni yangu, nangoja barua ya kufukuzwa. Ripoti ilipotoka, ukurasa wa kwanza ulisema kosa ni la utaratibu, na aliyeupanga utaratibu ni yeye, Mama Bahasha. Mimi sikutajwa. Wageni waliisoma, wakabaki siku mbili zaidi ya walizopanga, na kitengo kipo mpaka leo. Fundi cherehani alipoelezwa alicheka hadi machozi. Sasa anaimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu.

Tangu hapo chai hunywewa kabla mlango haujafungwa. Majaribio mapya, zaidi ya elfu sita, yako kabatini, na vijana ambao Mama Bahasha amewafundisha wataendelea nayo. Matokeo yamezidi bahati kidogo mno. Hayatoshi kusema ndiyo, wala hapana. Nilipomuuliza anaamini nini, alisema "Sijui bado," kwa utulivu ule ule ninaosemea amina. Kwake nimejifunza kwamba Mungu haogopi kuulizwa.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kuona haya kidogo na kuuliza sana. Mola akujalie afya, wajukuu wasumbufu na usingizi wa mchana. Chai ya kukuaga nitaileta mwenyewe, na safari hii nitaimba mdomo wazi.