Pumzi ya Augustino

Bi Siti alipanda basi la mwendokasi kituo cha Gerezani na kapu lake la dagaa, akamkuta kijana mwenye mabega ya kubebea kontena amekaa kwa utulivu wa mkuu wa wilaya.

“Shikamoo, mama. Naitwa Augustino. Nisamehe, siwezi kukupisha.”

“Marahaba. Umevunjika mguu?”

“Korona. Nilipona zamani, lakini pumzi haijarudi. Nilikuwa kuli bandarini, sasa hivi nikipanda ngazi naona nyota.”

Bi Siti akawageukia abiria wote, maana kesi nzito yataka mashahidi. “Korona si iliisha, jamani?”

“Iliisha redioni, mama. Hata mke wangu haamini. Ananisubiri kituo cha Msimbazi; anasema nikiendelea na uvivu huu anarudi kwao Lindi.”

“Hukupiga nyungu wewe!”

“Nilipiga, nikajifukiza mvuke mpaka pua ikabambuka.”

“Ulijifunika blanketi au shuka?”

“Shuka.”

“Ndiyo maana!”

Basi likasimama Msimbazi. Augustino akainuka, akapiga hatua mbili, akakumbatia nguzo akihema kama aliyekimbizwa na mbwa. Bi Siti akambebea begi lake, akalipachika juu ya dagaa.

“Twende. Mkeo nitamweleza mimi. Ila lile shuka, mwanangu, lile shuka!”