Masweta Mawili ya Bi Huguette Desrosiers

Ijumaa hii, tarehe 18 Oktoba 2024, saa kumi jioni, Bi Huguette Desrosiers atazima mashine zake za kufulia, atatundika aproni yake msumarini na kustaafu. Atakuwa ameitumikia klabu yetu ya magongo ya barafuni, Wahunzi wa Pointe-Gaspard, kwa miaka arobaini na mmoja, mwezi mmoja na siku sita. Hesabu ni yake mwenyewe, na katika idara ya vifaa hakuna aliyewahi kubishana na hesabu zake akashinda.

Niliombwa niandike ukurasa mmoja wa jarida letu, wa heshima, usio na mizaha. Mkurugenzi wetu, Bwana Armand Lepage, alisema hivyo huku amenikazia macho. Lakini yeyote aliyekuwa uwanjani Jumamosi iliyopita anajua kwamba hilo haliwezekani. Mimi mwenyewe tangu siku hiyo nimekuwa kama mtoto aliyepewa viatu vipya vya kutelezea barafuni, na ninaandika huku nimesimama.

Bi Huguette aliingia kazini tarehe 12 Septemba 1983. Mkuu wa vifaa wakati huo, marehemu Ovila Charest, alidhani amekuja kuuza tiketi za bahati nasibu ya kanisa, akamwambia leo hanunui. Huguette alichukua kiatu cha barafuni chenye chuma kibutu kilichokuwa mezani, akawasha jiwe la kunolea, akakinoa, akamkabidhi. Ovila alipitisha ukucha kwenye makali, kisha akamuuliza anaweza kuanza saa ngapi. Miaka kumi baadaye alimrithi, akawa mwanamke wa kwanza kushika funguo za chumba kile.

Kazi za chumba kile wengi hamzioni. Ni kunoa jozi hamsini za viatu kabla ya mechi, kushona jezi iliyochanwa wakati mwenyewe anavuja damu na anataka kurudi barafuni, kukausha glavu, kuhesabu magongo, na siku za mechi kupika sufuria ya supu ya njegere ambayo hakuna mkataba unaoitaja. Mwaka 1992 kipa wetu, Rodrigue Plourde, aliapa kwamba soksi zake zisifuliwe hadi tushindwe. Tulishinda mechi tisa mfululizo, na sote tukaapa kwamba, kwa harufu yake, mlango wa chumba cha kubadilishia nguo haufunguliki bila kujikaza. Kumbe Huguette alizifua kwa siri kila mara. Kisha alizichovya kwenye chai ya rangi, akazikausha zikiwa zimekunjamana, akazirudisha mahali pake. Plourde alizinusa na kusema, "Hizi ndizo zenyewe." Tukashinda nne zaidi.

Hadithi hiyo ya soksi tumeicheka miaka yote. Laiti tungejua kwamba yalikuwa mazoezi madogo tu ya fundi aliyekwisha fanya kubwa zaidi.

Sote tunalijua Sweta la Télesphore. Nahodha wetu wa kwanza, Télesphore Gaudreau, alilivaa mwaka 1924, sweta la sufu nyeusi lenye mstari mwekundu kifuani na nyundo iliyoshonwa kwa mkono. Alipostaafu mwaka 1933 aliliacha chumbani, na tangu hapo, katika mechi ya kwanza ya nyumbani ya kila msimu, nahodha hulitoa kwenye mfuko wake wa hariri, hulivaa na kuuzunguka uwanja peke yake, mara moja, watu wote wakiwa wamesimama kimya. Akimaliza, fuawe ya chuma iliyo pale mlangoni pa kuingilia barafuni hugongwa kwa nyundo, na msimu unaanza. Mwaka 1951 nahodha mmoja alikataa kulivaa kwa sababu linawasha. Tulifungwa mechi kumi na moja mfululizo. Jina lake halitajwi katika jengo hili, na mimi sitakuwa wa kwanza.

Mwaka huu klabu imetimiza miaka mia moja. Sweta lilikuwa lizungushwe Jumamosi, kisha liingie kwenye kabati la kioo. Mabango yalikuwa mji mzima, hadi kwenye mlango wa duka la mikate. Alhamisi mtaalamu wa nguo za kale alikuwa aje kutoka Montréal kulikagua na kuliandikia cheti.

Jumatano asubuhi nilipita chumba cha vifaa kutafuta kahawa, kama ninavyofanya kila siku nikishamaliza kulainisha barafu. Nilimkuta Bi Huguette amekaa, jambo ambalo si la kawaida, na mezani pana kopo la biskuti. Alinituma nimwite Mkurugenzi na nahodha wetu, Zachary Belzile. Walipofika alifunga mlango, akafungua kopo, akatoa sweta jeusi lenye mstari mwekundu na nyundo kifuani. Lilikuwa gumu kama zulia, na dogo kiasi cha kumtosha mtoto asiyejua kutembea.

"Hili ndilo la Télesphore," alisema. "Lile lililo kwenye mfuko wa hariri nililifuma mimi."

Akatueleza bila kujipamba. Septemba 1986 mtu fulani alilijaribu sweta kwa utani, akalitupa ndani ya kapu la jezi za mazoezi. Huguette alilibeba kapu zima, akalimimina kwenye mashine bila kupekua, akafungulia maji ya moto, kisha akavihamishia vyote kwenye kikaushio. Alikuwa amewafundisha vijana wote wa idara kwamba sufu haionyeshwi maji ya moto. Alipofungua kikaushio na kulitoa sweta, alikaa sakafuni.

Zilibaki siku tisa kabla ya mzunguko. Alikwenda kwa mama yake, Rose-Alma, na wawili hao wakafumua sweta jeusi la marehemu baba yake, Philias. Yule mzee alifanya kazi kiwanda cha chuma maisha yake yote na aliwatazama Wahunzi kwa miaka thelathini akiwa amesimama upande wa kaskazini, kwa tiketi rahisi, maana za kukaa hakuwahi kuzimudu. Uzi mwekundu ulitoka kwenye skafu yake ya Krismasi. Walifuma kwa zamu. Walilichovya kwenye chai, wakalisugua kwenye ngazi ya saruji, wakatoboa tundu la nondo kwenye kiwiko cha kushoto mahali palepale, wakampa mbwa alilalie siku mbili. Nahodha wa mwaka ule alipolivaa alisema limekuwa jepesi, au pengine yeye ndiye amepata nguvu. Msimu ule tulichukua kombe baada ya kulikosa miaka kumi na tisa.

"Sasa mngetaka nimwambie nani?" alituuliza. "Mji mzima unacheza ngoma barabarani, mimi niende nikaseme sweta ni la baba?"

Bwana Lepage alikuwa amebadilika rangi. Namheshimu sana, na najua atausoma ukurasa huu kabla haujachapwa, kwa hiyo nasema tu kwamba alitafuta kiti na hakukiona ingawa kilikuwa nyuma yake. Alisema mtaalamu ataambiwa asije. Sweta litazungushwa Jumamosi kama kawaida, kopo litarudi kabatini, na Ijumaa ya wiki inayofuata Huguette ataagwa kwa heshima zake zote. Huguette akasema hapana, Jumamosi atauambia uwanja mzima yeye mwenyewe.

"Utazomewa, Huguette," alisema. "Watu elfu tisa. Wiki yako ya mwisho. Unajua wanavyolipenda lile sweta. Kwa nini ujiharibie?"

"Nimenyamaza miaka thelathini na minane, Armand. Kila Oktoba nasimama pale mlangoni naona watu wazima wanalia, na mimi nageuza uso. Nikiondoka na hili, nitastaafu kazi tu, lakini hili litaendelea kunifanyisha kazi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini, katika miaka yote niliyomfahamu, alikuwa hatazami ule mzunguko. Tulidhani ni unyenyekevu. Kumbe alikuwa anaogopa, na niliona haya kwamba nimekunywa kahawa yake miaka ishirini na saba bila kuuliza.

Zachary alikuwa ameliweka lile sweta dogo kwenye kiganja, analigeuza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi misimu minne yote nimekuwa nikimvaa shabiki?"

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe."

"Wa upande wa kaskazini?"

"Wa kaskazini. Nguzo ya tatu."

"Sawa," akasema, akamrudishia. "Mama, mimi la kufanya Jumamosi nalijua. Wewe kaseme tu."

Jumamosi nililainisha barafu mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Taa zilipowashwa, Bi Huguette alitoka mlangoni na aproni yake, akapita kwenye kizulia chembamba kilichotandikwa barafuni hadi katikati, akashika kipaza sauti. Alisema yote kwa dakika tatu. Hakumtaja aliyelitupa sweta kwenye kapu, ingawa najua anamjua. Alipomaliza, uwanja ulinyamaza hadi nikaisikia mitambo yangu ya kupoza ikivuma chini ya sakafu. Sikuwa nimewahi kuisikia kukiwa na watu ndani. Nilimtazama akiwa peke yake pale katikati, mdogo, amelikumbatia kopo lake la biskuti, na nilitaka kwenda kumtoa kwa mashine yangu ya kulainishia barafu.

Ndipo mzee mmoja akapaza sauti kutoka upande wa kaskazini, kwenye nguzo zile za kusimama.

"We Huguette, yale makombe manne ya tangu themanini na sita, tuliyachukua na sweta lipi?"

Akafikiri. Akarudisha kipaza sauti mdomoni. "Na la baba," akasema.

Kicheko kilianzia kaskazini, kikazunguka uwanja mzima, na ndani ya kicheko watu wakaanza kugonga viti, vioo, chochote kilichokuwa karibu, hadi vumbi likashuka kutoka kwenye bendera zetu za ubingwa. Nililazimika kulifagia baadaye, na sikulalamika. Kisha wakanyamaza tena wenyewe, wakasimama, maana Zachary alikuwa ameingia barafuni.

Alikuwa amevaa sweta la Philias Desrosiers. Mkononi alimbeba binti yake Margot, wa miezi kumi, masikio yamefunikwa vizuri, naye amevaa la Télesphore Gaudreau. Lilimkaa barabara, mikono imeishia pale kwenye vifundo. Walizunguka taratibu na masweta yote mawili, la nahodha na la shabiki, juu ya barafu niliyoimwaga mimi mwenyewe, na Margot hakulia hata mara moja ingawa sufu ile bado inawasha. Walipopita upande wa kaskazini, wanaume kwa wanawake walivua kofia. Safari hii Bi Huguette aliutazama mzunguko wote, mwanzo hadi mwisho.

Na walipofika mlangoni, Zachary akamwashiria Mkurugenzi, Mkurugenzi akachukua nyundo na kumpa Bi Huguette. Aliigonga fuawe kwa mikono miwili. Kwa taarifa ya wale waliokosa, tulishinda mabao matano kwa mawili.

Mtaalamu wa Montréal alikuja Jumatatu badala ya Alhamisi. Aliandika vyeti viwili. Cha pili kinasema ufumaji ni wa hali ya juu na tundu la nondo limeigizwa kwa ustadi asioweza kuueleza. Bi Huguette amekisoma mara nyingi kuliko anavyokiri. Kabati la kioo litakuwa na sweta dogo, na lile kubwa litaendelea kufanya kazi kila Oktoba kama sisi wengine.

Bi Huguette, kwa niaba ya wachezaji, wafanyakazi, na vipa wote uliowafulia bila idhini yao, tunakushukuru kwa makali ya kila kiatu na kwa kila bakuli la supu. Mrithi wako, Josée, amekwisha bandika karatasi juu ya mashine, kwa herufi kubwa, kuhusu maji ya moto. Nenda kapumzike kando ya ziwa lako, ukae juani, usifue kitu. Tunakuombea siku ndefu, afya na usingizi mzito usiokatwa na Oktoba yoyote.

Nina ombi moja tu. Ijumaa ukifika, usiingie kwa mlango wako wa nyuma. Pitia ukumbini, kwenye ule ubao wa majina ya wote waliolivaa sweta. Jana wachezaji waliushusha, wakamwita mchonga mbao, wakaurudisha. Juu ya jina la nahodha wa mwaka 1986, mahali palipokuwa na nafasi ndogo, sasa pameandikwa Philias Desrosiers, upande wa kaskazini, nguzo ya tatu. Yeye ndiye aliyelivaa kwanza.

Normand Pelchat, mtunza barafu