Kiti Kilichoelekea Ukutani

Pembeni mwa barabara inayoshuka hadi kwenye machimbo ya zamani, mkabala na kibanda cha fundi simu, kuna benchi la jiwe moja refu ambalo halijawahi kuhamishwa kwa sababu hakuna anayeliweza. Lilitoka shimoni enzi ambazo shimo lilikuwa kavu, kabla chemchemi haijapasuka chini yake, pampu zikashindwa, na maji yakapanda taratibu hadi yakafunika ngazi, vibanda na winchi. Siku hizi maji yale ni ya kijani na yametulia, na kila mwisho wa juma watu wenye mitungi ya hewa mgongoni huja kutoka mbali, wakalipa kiingilio, wakazama. Mara ya kwanza walipokuja, wanakijiwe waliona watu waliovaa mavazi meusi wakiingia majini na kutoka mikono mitupu, wakaamini kuwa kuna maiti inayotafutwa. Wakaunda ujumbe, wakateremka kutoa pole. Wazamiaji walipokea kwa adabu, wakidhani ndiyo salamu ya mtaa huu. Tangu hapo, kila wapitapo benchini husema, "Poleni," na benchi zima hujibu, "Tumeshapoa." Hakuna aliyewahi kuwasahihisha.

Jioni ile, Redio ndiye aliyeanza. Ni fundi simu, na jina hilo alipewa kwa sababu hazimiki.

— Nawaambia kitu, halafu msiniulize nimekitoa wapi. Kesho wanazamisha basi.

— Basi gani? aliuliza Jaji, muuza nyama, ambaye hukata kesi zote za kijiwe kabla hajazisikiliza.

— Basi. Lile bovu lililoegeshwa getini. Wameshang'oa injini, wamelisafisha mafuta yote. Kesho linashushwa kwa minyororo mpaka chini kabisa.

— Na abiria?

— Jaji, ndugu yangu, basi bovu lina abiria gani?

— Nauliza. Kazi yangu ni kuuliza.

— Kazi yako ni kuuza mifupa kwa bei ya nyama, alisema Birika, muuza kahawa, akimwongezea kikombe. — Redio, wanalizamisha upande gani?

— Mashariki. Chini ya ule ukuta mrefu, penye kivuli.

Mwishoni mwa benchi, Patasi aliacha kuzungusha kikombe chake.

Alikuwa mzee aliyekata mawe shimoni mle tangu ujana wake, na jina lake alilirithi kwa chombo alichokuwa akikishika. Chini ya ukuta ule mrefu ndipo alipofanyia kazi. Mkewe alikuwa miongoni mwa kina mama waliokuwa wakigonga kokoto, na alipobeba mimba ya mtoto wao wa kwanza na mgongo ukaanza kumsumbua, Patasi alimchongea kiti katika kisiki cha jiwe kilichokuwa kimebaki sakafuni. Alikitilia egemeo, akakitilia na mahali pa kupumzisha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio ulioshika nyundo. Kina mama wote waliketi wakielekea barabara ya malori, ili lori likiingia wawahi kupakia. Mkewe alitaka kiti kielekee ukutani, aliko Patasi. Wenzake wakamcheka, nusura wadondoshe nyundo. "Lori nitalisikia," aliwajibu. "Huyu akinyamaza, sitamsikia." Na ndivyo ilivyokuwa. Nyundo ya Patasi ikitulia kidogo, hata kwa kufuta jasho, kichwa cha mkewe kiliinuka.

Maji yalimkuta Patasi ana jiwe lake la kesho. Wakata mawe wa shimo lile walikuwa na mwiko wao: jiwe la mwisho la siku halikung'olewa. Lilikatwa kwa juu na ubavuni, likaachwa limeshikwa mgongo tu, ili mtu awe na kitu cha kumrudisha asubuhi. Asubuhi iliyofuata sakafu ilikuwa imeshafunikwa, hapakuwa na pa kurudi. Miaka ilipita, mkewe akafariki, akazikwa kwao, mbali. Picha iliyobaki ni ya kitambulisho, ambamo anaonekana kama mtu anayeshukiwa wizi. Patasi alikuwa akiitazama na kuona haikumfanania hata kidogo. Kilichomfanania kilikuwa chini ya maji. Wazamiaji walipita mbele yake kila juma, naye hakuwahi kumuuliza hata mmoja wao kama wamekiona, maana alihofia kuambiwa kuwa kule chini ni tope tupu. Mradi hakuuliza, kiti kilikuwepo. Sasa kesho basi lingekaa juu yake.

— Pale mashariki kuna kitu, alisema Patasi.

Alikuwa amekusudia kuendelea, lakini benchi lilimnyang'anya maneno.

— Mnasikia? alidakia Redio. — Mzee mwenyewe kakiri. Mimi siku zote nasema, mtu hawezi kulipa hela yake akaoge kwenye shimo lenye baridi vile bila sababu. Kuna mali.

— Mali ya kampuni, alisema Jaji. — Walipoona maji yanakuja walifukia sanduku. Basi ni la kufunika ushahidi.

— Ushahidi unafunikwa na basi? Si lina madirisha, aliuliza Birika.

— Watalipaka rangi nyeusi.

— Mimi nasikia shimo halina mwisho, alisema Birika. — Ndio maana wanashusha kitu kizito. Wanataka kusikia kitagota lini.

— Lina mwisho, alisema Patasi kwa upole. — Nimelala juu yake kila mchana, baada ya kula.

— Huo ni mwisho wa zamani, mzee wangu. Chini ya huo kuna mwingine.

— Ngojeni, mmekaribia lakini bado, alisema Redio, na macho yake yakang'aa, kwa kuwa hoja ilikuwa ndiyo kwanza inamjia. — Kuna njia ya chini kwa chini. Inatokea ng'ambo ya mpaka. Watu wanapanda basi humu, wamevaa mitungi yao, hakuna pasipoti, hakuna foleni. Wanashukia nchi ya watu.

— Na dereva?

— Naye ana mtungi.

— Nauli?

— Imo kwenye kiingilio.

Jaji alitafakari kwa uzito wote wa mtu anayepima kilo ya maini.

— Kesi imeisha, alitangaza. — Ni basi la abiria. Mimi ndiye niliyesema tangu mwanzo.

Wakacheka, na Patasi akacheka nao, kwa kuwa aliwapenda. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya jiwe la benchi, ukilipapasa kama unaotafuta alama.

Ndipo mzamiaji mmoja akapanda barabara kutoka shimoni. Alikuwa binti wa rika la binti wa Patasi, taulo begani, nywele zikichuruzika. Wazamiaji wengine walizoea kusalimu na kupita. Huyu alisimama.

— Shikamooni, wazee. Na poleni.

— Marahaba. Tumeshapoa.

— Naomba kahawa kikombe kimoja, kama bado ipo.

— Ipo ya mwisho, alisema Birika, akaliinamisha birika hadi likatoa mlio.

Binti akakishika kikombe kwa mikono yote miwili ili apate joto.

— Ninyi ni wenyeji hapa. Nimeshuka leo kukagua mahali pa kuliweka basi, wazamiaji wapate cha kutembelea kule chini. Chini ya ukuta mrefu nimekuta kiti.

— Cha basi? aliuliza Jaji.

— Cha jiwe. Kimechongwa. Nikakipangusa tope.

Patasi hakumtazama. Aliitazama kahawa yake.

— Egemeo lake limevunjika?

— Halijavunjika, babu. Nilikikalia. Kukaa majini si rahisi, mwili unataka kupanda. Lakini kuna mahali pa mkono wa kushoto, nikajishikilia pale, nikatulia.

— Na mbele yake?

— Mbele yake ni ukuta tu. Kuna jiwe moja limekatwa vizuri, halafu halikutolewa. Nimelisukuma, halitikisiki. Bado limeshika.

— Bado limeshika, alirudia Patasi.

Benchi lilianza kumtazama yeye badala ya binti. 

— Basi liwekeni upande wa barabara ya malori, alisema Patasi. — Sakafu ya kule ni ngumu, haina tope. Na imezoea magurudumu. Pale kwenye kiti, mwanangu, pana mwenyewe. Paacheni.

— Nitawaambia hivyo. Watanisikiliza, mimi ndiye ninayeongoza minyororo kule chini.

— Ahsante.

— Kesi imeisha, alisema Jaji, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Binti alimaliza kahawa, akamrudishia Birika kikombe chake. Alipiga hatua, kisha akageuka, taulo likimteleza begani.

— Kuna jambo moja tu linanitatiza. Shimo zima liko wazi kwa nyuma. Ukigeukia huko unaona mwanga unavyoshuka, mpaka samaki. Lakini kile kiti kimeelekea ukutani. Nimekaa pale mpaka hewa ikakaribia kuniishia, najiuliza. Huyo aliyekuwa akikaa pale, alikuwa anatazama nini?

Jaji alichungulia ndani ya kikombe chake, kilichokuwa kitupu. Birika akalipangusa birika lisilo na kitu, akalipangusa tena. Watu waliokuwa wameweza kulipitisha basi chini ya mpaka wa nchi, pamoja na dereva na nauli, hawakuwa na hata neno moja la kumpa binti yule.

Patasi alikuwa nalo. Akanyamaza, mkono wa kushoto juu ya jiwe, na kwa mazoea ya zamani akangoja mtu ainue kichwa.