Mstari Chini ya Benchi

Benchi letu liko ukingoni mwa uwanja wa kasri la Vaubrenne, na kiangazi hiki limeingia matatani. Jua limechoma nyasi mpaka mistari ya bustani ya zamani imejitokeza yenyewe, na wataalamu wanaifuata ili waipande upya kama enzi za mabwana. Chochote kilicho juu ya mstari kinang'olewa. Kwetu mstari haujaonekana, maana sisi tunamwagilia. Kumwagilia kumepigwa marufuku kwa ajili ya ukame, kwa hiyo maji tunayaleta kwenye chupa za chai, tukijifanya wanywa kahawa.

— Ile bustani ilichorwa kivita, alisema Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi. Hapa tulipo palikuwa na mizinga.

— Ya nyuki, labda, alisema Huguette. Bibi yangu alikuwa dobi wa kasri. Alisema maua yalipandwa kwa herufi, bwana akimtukana jirani yake asome toka dirishani.

— Tusi gani?

— Bibi hakujua kusoma.

Askofu, mpiga kengele mstaafu, akakohoa.

— Mnacheza nyie. Mistari yote inaelekea ilipozikwa dhahabu. Chini ya benchi hili.

— Sasa mbona haioti? niliuliza. Tumeimwagilia tangu Juni.

Tukacheka, isipokuwa Huguette.

— Marehemu mume wangu alinichumbia hapa, alisema. Wakiling'oa, mie nitakaa wapi?

Kicheko kikatuishia. Iliniuma.

Hapo ndipo Solène, binti anayewasimamia wale wataalamu wa bustani, alipokuja akivuta miguu, kofia mkononi, akajibanza katikati yetu. Akatazama uwanja wote ulivyokauka, kisha akatazama majani mabichi chini ya viatu vyetu. Jenerali alishajiandalia hadithi ndefu ya chemchemi.

— Wazee wangu, jua limenimaliza, alisema Solène. Kuna kahawa iliyobaki?

Chupa nne zilikuwa pale. Askofu akaanza kuangalia mawingu ambayo hayakuwepo. Mwishowe Huguette akammiminia yake. Maji meupe yakajaa kikombe.

Solène akapiga funda moja.

— Kahawa yenu nyepesi, Bibi Huguette, alisema, na iliyobaki akaimwaga taratibu chini ya benchi.