Miaka Thelathini na Minne ya Kuibadilisha Sabuni Isibadilike

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, mpishi mkuu wa sabuni ya kunyolea wa kiwanda chetu atavua aproni yake na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Kwenye faili la utumishi ana majina matatu marefu. Sisi tunamwita Mzee Povu, na hata mlinzi wa getini hajui jina lingine. Meneja ameniomba mimi, mkuu wa maabara, niandike wasifu huu kwa sababu eti nimefanya naye kazi kwa karibu kuliko wote. Angetaka kusema kweli, angesema nimegombana naye kwa karibu kuliko wote.

Alianza akiwa na miaka ishirini na sita, kibarua wa kubeba madebe ya mafuta. Mwaka wa tatu akahamishiwa chumba cha nyuma, chenye sufuria moja kubwa, meza ndefu ya kukatia sabuni na dirisha lisilofungika vizuri. Wenzake walimpa pole. Povu la kopo lilikuwa limeshaingia madukani, na kila mtu aliamini kwamba sabuni ya kunyolea ya kipande inahesabu siku zake. Povu la kopo lilikuja na sabuni yetu bado ipo. Wateja wake ni wachache lakini ni ving'ang'anizi: watu wa brashi na kibakuli, wanaokutana Jumamosi kulinganisha mapovu yao, na ambao barua zao zote huanza na “Mimi nimetumia sabuni yenu tangu…” Mungu awaweke, lakini wananichosha.

Siku ya Mzee Povu ilianzia mbele ya kioo kilichopasuka pembeni. Shavu la kushoto alilinyoa kwa sabuni ya sufuria iliyopita, la kulia kwa sabuni ya sufuria mpya, na kidevu alikiacha hadi mchana kwa ajili ya uamuzi wa mwisho. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini amehudhuria vikao vya asubuhi akiwa na kidevu chenye vinyweleo. Mkaguzi mmoja mgeni aliwahi kuninong'oneza akiuliza kama mzee yule ameweka nadhiri. Na mwaka ambao magadi yalizidi kidogo, mashavu yote mawili yakambabuka, Shemeji, yaani mkewe, alinipigia simu maabara kuuliza kwa upole kama kiwanda kina mpango wowote wa kumrudishia uso wa mumewe.

Amekuwa mfanyakazi bora mara mbili. Cheti kimoja kiko nyumbani kwake. Cha pili nilikikuta kimefunika ndoo ya mafuta ya nazi.

Sasa niseme yaliyonikera, maana nikiyaficha nitakuwa namsifu mtu mwingine. Mimi ndiye mtunza kanuni. Kanuni ya sabuni yetu ni karatasi moja iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu: uzito wa kila kitu, saa nne za kupika, siku saba za kukausha, na sahihi yangu chini. Kwa miaka mingi niliamini kwamba inafuatwa. Jambo moja tu lilinisumbua, kwamba kila nilipokwenda kukagua, trei za sabuni zilikuwa pungufu. Nilizikuta juu ya makabati ya wafanyakazi, nyuma ya mifagio, na mara moja chini ya kiti alichokuwa amekalia yeye mwenyewe. Nikimuuliza, jibu lake lilikuwa ni kwamba sabuni imechoka, niiache. Hapo nilikuwa natoka kabla sijasema nitakalolijutia.

Halafu kuna wapenzi wa sabuni yenyewe. Mwaka tulipobadilisha karatasi ya kufungia kutoka kijani kuwa nyeupe, tulipokea barua mia mbili na kumi na moja. Povu limekuwa jepesi, walisema. Harufu imekwenda. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliandika kurasa tatu kutuarifu kwamba yuko katika maombolezo. Sabuni iliyokuwa ndani ya karatasi nyeupe ilitoka sufuria ileile na ya karatasi ya kijani, na ushahidi ninao. Niliandika majibu mia mbili na kumi na moja kwa mkono huu, na kuanzia siku hiyo nikaamua kwamba watu hawa wananyoa kwa macho, hakuna haja ya kuwasikiliza tena.

Hapo ndipo nilipokosea. Miaka sita iliyopita Mzee Povu alifanyiwa upasuaji wa jicho, akapewa likizo ya wiki sita. Nilimwombea apone, kisha nakiri kwamba nilifurahi. Nilivaa aproni nikapika mwenyewe kwa kufuata karatasi, gramu kwa gramu, dakika kwa dakika, siku saba za kukausha bila kuzidisha hata moja. Trei zote zilikuwa mahali pake. Sabuni ikaenda madukani, na mwezi haujaisha barua zikaanza kumiminika: mbona mmebadilisha kanuni? Nilicheka. Nikamjibu kila mmoja kwamba kanuni haijabadilika hata chembe, na kumbe ndiyo mara ya kwanza katika historia ya chumba kile sabuni kupikwa kwa kanuni hiyo.

Aliporudi, jicho moja likiwa bado limefungwa kitambaa, alikaa na barua zile asubuhi nzima. Alizigawa mafungu mawili. Fungu kubwa alinirudishia. Fungu dogo lilikuwa na barua kumi na mbili, za watu wasiojuana, kutoka miji tofauti, na zote zilisema jambo moja: povu linakauka kabla wembe haujafika shingoni. Ndipo aliponiambia maneno ambayo leo nimeyabandika juu ya meza yangu.

“Anayekutajia zamani, mpe pole. Anayekutajia shingo, msikilize. Huyo amenyoa.”

Ukweli ukatoka siku hiyo. Mafuta ya ng'ombe wa kiangazi si sawa na ya ng'ombe wa masika. Haya magumu, yale laini. Ukiyapima sawasawa na kuyapika sawasawa, unapata sabuni mbili tofauti. Kwa hiyo mtu huyu, bila kumwambia yeyote, alikuwa akiibadilisha kanuni yangu karibu kila sufuria, nusu saa hapa, kikombe cha mafuta ya nazi pale, wiki tatu za kukausha badala ya moja kwenye zile trei alizonificha, ili mteja wa mbali asione tofauti yoyote. Karatasi yenye sahihi yangu ilikuwa pambo la ukuta. Nilinuna siku nne. Siku ya tano nikaenda kumuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo, akanijibu bila hasira kwamba sikuwahi kumuuliza, nilikuwa naeleza tu.

Mapema mwaka jana uongozi ulitoa msimamo. Sabuni inayomtegemea mtu mmoja haiwezi kuendelea. Kama haitapikika bila Mzee Povu, chumba kitafungwa siku atakayoondoka, na watu saba waliomo watafute pengine pa kwenda. Mimi nikapewa kazi ya kuyahamisha yaliyo kichwani mwake yawe kwenye daftari.

Miezi minane! Sitamani adui yangu apewe kazi hiyo. Nilimuuliza inapikwa mpaka lini, akasema mpaka ikubali. Nikauliza ikikubali inakuwaje, akasema inaacha ubishi. Nilimletea kipimajoto kipya cha chuma, akakitumia kukorogea chai. Watu saba walikuwa wananitazama kila nikitoka mle ndani na ukurasa mtupu, na mmoja wao ana mapacha wachanga. Siku moja niliingia stoo, nikakaa kati ya trei, nikalia. Nadhani alinisikia, kwa sababu aliusukuma mlango, akachungulia, akaurudishia, akaondoka.

Kesho yake hakueleza lolote. Aliuchukua mkono wangu akauweka kwenye mwiko mkubwa, akauweka wa kwake juu yake, tukakoroga hivyo mpaka nikahisi kwenye kiwiko jinsi uji wa sabuni unavyoacha kuvuta. Hapo nikasoma kipimajoto, nikaandika. Tulirudia kwa mafuta ya kiangazi, ya masika, na ya ile miezi ya katikati ambayo mafuta yake hayaeleweki. Daftari lina kurasa tisini na sita. Ndiyo kanuni ya kweli ya kwanza kiwanda hiki kuwa nayo, na nusu yake imelowa chai.

Miezi minne iliyopita nilipika peke yangu. Yeye aliamriwa akae nje, kwenye benchi la getini, na mlinzi anasema siku ile alikuwa mtu mgumu kukaa naye. Sabuni ikakauka siku ishirini na moja, ikafungwa kwa karatasi ileile, ikaenda madukani bila tangazo. Tukaanza kusubiri barua.

Mpaka wiki iliyopita zilikuwa zimefika tano. Mbili zinalalamikia bei. Moja inauliza kama tunauza na brashi. Moja ni ya mwenye duka anayetaka katoni zaidi. Ya tano ni ya yule mwalimu mkuu, anayesema kwamba sabuni iko vilevile na anatuomba tusithubutu kuigusa. Shingo haikutajwa na mtu. Meneja ametia saini, chumba hakifungwi, wote saba wanabaki.

Nilikwenda kwa Mzee Povu karibu nikimbie. Nilidhani atacheka, labda hata anipe mkono. Alizisoma barua zote tano, akazigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

“Hakuna hata mmoja aliyeona?” akauliza.

Nikamwambia hakuna. Akasema ni vizuri, ni vizuri sana, kisha akaenda kuosha mwiko uliokuwa umeshaoshwa. Mimi nikabaki pale na barua za ushindi mkononi, nikiwa na hasira nisiyojua nimpelekee nani. Mtu amefanya kazi miaka thelathini na minne ili watu wasigundue chochote, na sasa mkono wake umeondoka kwenye sabuni yao na hawajagundua. Nimeshinda niliyotumwa kushinda, na inaniuma.

Mzee wangu, asante kwa miaka yote, kwa watu saba, na kwa kiwiko changu. Asante pia kwa Shemeji aliyetuazima uso wako. Barua ya sita naiandika mimi, mbele ya uongozi na wafanyakazi wote, na naomba ipokelewe kama zinavyopokelewa nyingine: kuanzia Ijumaa hii kuna kitu kimebadilishwa katika chumba cha nyuma. Hatukuulizwa. Tumeona, na hatujapenda.

Pamoja na lalamiko hilo, sote tunakuombea afya njema na maisha marefu yenye raha.