Makande ya Bi Mwanaidi Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, siku niliyomfahamu vizuri Bi Mwanaidi, mjinga alikuwa mimi. Nalisema mwenyewe hewani, nisiwape majirani nafasi ya kulisema kabla yangu.

Asubuhi ile Thomas, anayemsimamizia nyumba Mzee Bartolomayo, alinigongea mlango. Akanisalimia kwa adabu kabisa. Akasema, "Bwana Stanley, mzee anataka chumba chako kipakwe rangi. Toa vitu uani, mara moja tu."

Sasa mimi nilikuwa nadaiwa kodi. Mishahara ilikuwa imechelewa, na kodi imelimbikizana. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza: tangu lini anayedaiwa kodi akapakiwa rangi? Mimi nikamuuliza Thomas ni rangi gani. Nikatoa kitanda. Nikatoa meza, ndoo, jiko la mkaa, na pazia nikalivua. Nikamshukuru. Thomas akatoa kufuli mfukoni, akafunga mlango, akasema, "Mzee anakusalimu."

Nilijihamisha mwenyewe, wasikilizaji. Kwa mikono yangu.

Nikakaa juu ya godoro, upepo wa Julai unanimwagia vumbi. Ndipo Bi Mwanaidi akatoka chumba cha pili, kanga kichwani, akanitazama mimi, akatazama kufuli.

"Stanley, umebeba mwenyewe?"

"Nimebeba mwenyewe, mama."

"Na pazia?"

"Na pazia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, "Jiko lako liko wapi?"

Leo tunamkumbuka Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi wa Kondoa, mjumbe wa mtaa wetu hapa Chang'ombe, Dodoma. Ametutoka baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Ameacha binti mmoja, Joha. Na ameacha chumba, katika nyumba hiyohiyo ya Mzee Bartolomayo, ambacho kodi yake nayo ilikuwa imelimbikizana. Kikumbukeni chumba hicho. Tutakirudia.

Turudi uani. Bi Mwanaidi aliwasha jiko langu, akaliweka mlangoni pangu, mbele kabisa ya kufuli. Akaleta sufuria. Ndani mlikuwa na mahindi makavu na maharage. Makande. Nikamwambia, "Mama, mimi sina njaa, mimi sina nyumba." Akanijibu, "Wewe kaa kimya, ndiyo kazi uliyobakiza."

Mzee Bartolomayo alipofika alikuta moshi. Akauliza hii ni nini.

"Shikamoo, mzee," Bi Mwanaidi akasema. "Mtu amebandika chakula. Chakula kikiwa jikoni, mtu hahamishwi. Ngoja kiive."

"Kitaiva lini?"

"Kitaiva ukishakaa."

Mzee Bartolomayo ni mtu wa ng'ombe, amezaliwa huku kwetu Ugogoni, na kumwaga chakula cha mtu kilicho motoni si jambo analoweza kulifanya mbele za watu. Akasimama. Akazunguka. Jua likapanda. Wasikilizaji, mahindi makavu hayana haraka na mtu. Mwisho mzee akaomba kigoda.

Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote ya Bi Mwanaidi: kumfanya mwenye nyumba akae. Mtu akisimama anafoka. Akikaa anaanza kueleza. Mzee akaeleza kwamba naye anasomesha, naye anadaiwa. Mimi nikaeleza habari za mshahara. Mpaka mama anamwagia mafuta ya alizeti na karanga, tulikuwa tumekubaliana. Nitalipa kidogo kidogo kila mshahara ukitoka, kupitia mikononi mwa Bi Mwanaidi. Na kile chumba kitapakwa rangi kweli, maana uongo wa Thomas hauwezi kuachwa hivihivi. Mzee atanunua rangi. Atakayepaka ni mimi.

Nimepaka. Ni bluu. Imetoka mistari.

Joha aliwahi kunieleza mama yake alikoitoa sheria ile. "Mama alikuja Dodoma na basi la Kondoa, mimi nikiwa mgongoni," alisema. "Baba ameshafariki. Chumba cha kwanza tulichopanga, mwenye nyumba alikuja na watu wake makande yakiwa motoni. Wakayamwaga uani, kuku wakala. Mama hakulilia kitanda. Alililia yale makande, yalikuwa yamebakiza kidogo tu kuiva."

Basi kuanzia hapo, popote mtaani alikosikia mtu anatolewa, alikwenda na sufuria yake; katika nyumba yetu peke yake, Mzee Bartolomayo alikalishwa na kulishwa karibu kila mlango. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na sufuria, na kichwani kanga. Mama wa mtaa, mjumbe wetu, Bi Mwanaidi.

Alikuwa na vituko pia. Nyumba yetu ina mita moja ya umeme, na kila luku ikiisha tulikuwa tunagombana. Lawama zote zilimwangukia Respicius, mwanafunzi wa chuo, kwa sababu ya pasi. Respicius alikuwa ananyoosha mpaka soksi. Bi Mwanaidi akaamuru pasi iwe moja, ipigwe uani, Jumapili, kila mtu na nguo zake, mbele ya wote. Siku ya kwanza tukagundua anayenyoosha nguo nyingi kuliko wote ni Thomas, ambaye hata hakai pale. Alikuwa analeta za nyumbani kwake kwenye mfuko. Bi Mwanaidi hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, na za majirani zako umezisahau?" Hatukumwona tena na ule mfuko.

Lakini nisiwadanganye, wasikilizaji wapendwa. Sufuria haikushinda kila mara. Hana, fundi cherehani wa kona ile, nyumba aliyopanga iliuzwa. Bi Mwanaidi akabandika. Mnunuzi akafika, akakaa, akala, akasifu karanga. Akanawa mikono, akasema, "Asante sana mama, sasa atoke." Mama akabeba godoro la Hana kichwani mpaka chumbani kwake, na Hana akalala humo mpaka alipopata pengine, mbali, barabara ya kwenda Buigiri.

Siku ile nilimkuta ameegemea ukuta. Nikamwambia, "Pole mama, leo tumeshindwa." Akasema, "Nimechoka, Stanley. Mji unakua, kodi zinapanda, na mimi bado nachambua maharage." Kisha akasema, "Ila Hana ametoka ameshiba. Mimi nilitoka na njaa."

Ndivyo alivyokuwa miaka ya mwisho. Amechoka, magoti yanamuuma, kifua kinambana, bado watu wanabisha hodi. Wageni wa maofisini wanakuja, wanalipa mwaka mzima mbele, na wenyeji tunasogezwa pembeni kidogo kidogo kama viti vya harusini. Alipolala kitandani moja kwa moja, Joha aliacha kibarua cha hotelini ili amuuguze. Kodi ikasimama. Mzee Bartolomayo hakusema neno mgonjwa akiwa hai. Hilo nampa, ni haki yake.

Kwako Joha, na kwa ndugu wote wa Kondoa, sisi wa redio na sisi wa mtaa tunawapa pole. Mwenyezi Mungu ampe mama kauli thabiti, ampumzishe mahali ambapo hakuna wa kumgongea mlango. Na wewe unayenisikiliza, kama una nyumba, kabla hujatuma mtu na kufuli, nenda mwenyewe. Kaa. Kama umepanga na umekwama, usijifiche nyuma ya pazia kama nilivyokuwa nikijificha mimi. Sema mapema. Tafuta mjumbe wako, mwenyekiti wa mtaa, au jirani mwenye busara. Sote tumechoka, najua. Tuchoke tukiwa tumekaa pamoja.

Na sasa chumba. Niliwaambia tutakirudia. Joha ananisikiliza akiwa ndani ya chumba hicho, na amerudi kazini. Hakutolewa. Acheni niwaambie ilikuwaje, kisha niwaage.

Baada ya arobaini, Mzee Bartolomayo alikuja na mkewe, Mama Erica, ambaye sisi wa uani hatukumzoea. Nikawaona wanaingia, nikakimbia kuwasha jiko mlangoni kwa Joha. Nikabandika. Ila sikuwa nimeloweka mahindi, wala sikuyachambua.

Mzee akachungulia sufuria. "Stanley, hapa unapika au unachemsha kokoto?"

"Yataiva ukishakaa, mzee."

"Mimi sikai. Aliyekuwa akinikalisha ameondoka, Mungu amrehemu. Nimemzika, nimechangia, nimelia. Lakini kuna mtu wa wizarani anakitaka chumba, na analipa mwaka mzima mbele."

Joha akatoka. "Shikamoo, mzee. Nimeuguza, unajua. Narudi kazini wiki hii. Nitalipa kidogo kidogo, kama Stanley alivyolipa."

"Marahaba, mwanangu. Stanley alikuwa na mama yako wa kumdhamini. Wewe una nani?"

Majirani wakaanza kuongea wote kwa pamoja, Respicius anataja sheria, Thomas anatazama viatu vyake, kufuli mkononi. Mimi nakoroga kokoto zangu. Mzee akapaza sauti juu yetu sote.

"Jamani, anadaiwa! Au hata kudai nako siku hizi ni dhambi?"

Mama Erica alivuta kigoda, kilekile, akakiweka mbele ya jiko. Akaninyang'anya mwiko. Akaonja, akakunja uso, akamgeukia mumewe.

"Mdai tu, Baba Erica. Ila kwanza mlipe makande ya mama yake, uliyokula kwenye milango yote ya nyumba hii."