Mzee Pazia Anakuja Mbele

Mzee Pazia anastaafu Ijumaa, tarehe 30, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, na siku hiyo hiyo atasimama jukwaani kwa mara ya kwanza. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alituthibitishia Jumatatu. "Amekubali," alisema. "Ila msimpigie makofi mapema. Atapata kisingizio cha kukaa."

Kwa wageni: kundi letu huigiza ushuhuda wa vita. Walionusurika husimulia yaliyowapata, tunayaandika neno kwa neno, kisha wao wenyewe au waigizaji wetu huyasema mbele ya watu. Wengi wametuambia kwamba wakishayasema hapo, wanapata usingizi. Mzee Pazia hukaa nyuma ya pazia na mswada, akimnong'oneza anayesahau. Nasi tumesahau sana. Mwigizaji wetu mkuu aliwahi kupotea katikati ya kisa cha fundi baiskeli, na kabla Pazia hajafungua mdomo, fundi mwenyewe akamrekebisha kutoka mstari wa mbele: "Nilikimbilia mtoni, kaka, siyo sokoni. Sokoni ningekufa."

Kosa kubwa la Pazia lilikuwa la mwaka wa kwanza. Mama mmoja mwoka mikate alifika mahali pa kumtaja mwanawe aliyeuawa, akanyamaza. Pazia akamnong'oneza jina. Akarudia. Mara ya tatu lilisikika hadi mlangoni. Mama akaligeukia pazia: "Baba, maneno ninayo. Ngoja kwanza niyafikie." Ukumbi ulicheka, naye akacheka, kisha akalitaja.

Tangu hapo Pazia huandika KIMYA kwa penseli nyekundu kwenye mswada, na pembeni idadi ya sekunde. Sisi tulichelewa kuelewa. Waigizaji walidhani ni nafasi ya kunywa maji. Mimi, mhariri wa miswada niliyetoka gazetini, nilizifuta alama zote nikajisifu kwamba nimeokoa dakika sita. Alizirudisha moja moja bila kunisuta, na hilo ndilo lililoniuma.

Muda wote huo, ushuhuda wake mwenyewe haukuwemo kwenye kabati letu la miswada. Wakati wa vita alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Safari moja gari lilijaa, akamwacha mdogo wake kando ya barabara, akimwahidi kurudi. Aliporudi hakumkuta. Binti alimjua baba yake mdogo kwa picha tu. Kila alipouliza, aliambiwa chai inapoa. Sisi, mabingwa wa kuwafungua watu vinywa, tulikaa naye miaka ishirini na saba bila kumuuliza hata mara moja. Mwezi uliopita alimwomba binti yake amrekodi.

Asante, Mzee, kwa kila neno ulilotuokoa nalo. Tunakutakia usingizi mzuri, na asubuhi zisizo na mazoezi.

Onyesho ni Ijumaa, saa nne asubuhi. Nyuma ya pazia nitakaa mimi, na nimeshaonywa nifunge mdomo. Kwenye ukurasa wa tatu wa mswada wake, kabla ya kumtaja mdogo wake, ameandika KIMYA. Pembeni hakuweka sekunde.